Usilipande Daraja Hilo

2 Machi

Kimbaombao wangu,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Mama hajambo isipokuwa goti, na goti lenyewe sasa limekuwa mtu wa tatu humu ndani: asubuhi tunaliuliza limeamkaje, jioni tunalipaka dawa, na likikasirika hakuna anayepata usingizi. Mama anasema wewe ndiye uliyelizoesha kubembelezwa.

Tangu wakunyang'anye simu nyumba imepoa. Mama bado anaipiga namba yako kila akimaliza chakula cha mchana, ingawa anajua imezimwa na kufungiwa kabatini. Namwambia, Mama, huko aliko kuwasha simu ni kumwita adui kwa jina. Ananijibu, "Basi na mimi mama yake niitwe nani?" Kwa hiyo tumerudi kwenye kalamu na stempu, na mimi ambaye mkate wangu unatokana na kuandika ripoti za madaraja sijui nianzie wapi nikimwandikia mdogo wangu.

Ofisini mambo ni yale yale. Feni yetu imebaki na mabawa mawili, inatikisika, na tunakaa chini yake kwa imani tu. Tangu nipandishwe kuwa fundi mkaguzi daraja la kwanza nina meza yenye droo inayofungika. Ufunguo ninao, cha kufungia sina.

Usiniambie uko wapi. Niambie tu kwamba unakula, unalala, na soksi zako ni kavu. Na wewe Ndugu Msomaji, unayeipitia barua hii kabla yake, salamu zako pia. Usichoke na goti la mama yetu, bado utalisikia sana.

Dada yako,
Futi


9 Machi

Dada Futi,

Barua imefika nzima. Msomaji hakufuta hata neno, nadhani goti lilimgusa. Hapa tuna mwenzangu tunayemwita Kinyozi, kwa sababu ana mkasi na wembe na ametunyoa sote mpaka mkuu wa kikosi. Aliomba nimsomee barua yako mara mbili. Yeye haandikiwi, mama yake ana mtoto wa jicho macho yote mawili na wanaishi wawili tu. Aliuliza kwa nini unaitwa Futi, nikamwambia hata sufuria za mama ulikuwa ukizipima kabla hujajua kuhesabu mpaka mia.

Kazi yangu unaijua, naendesha lori. Kilicho mgongoni mwa lori siruhusiwi kukitaja, ila hata watoto wa shule wanajua kwamba tunangoja meli, si mabasi. Kitu chenyewe kikiruka kinafika mbali kuliko kutoka nyumbani hadi mji mkuu. Lakini lori linalokibeba haliwezi kwenda kilomita tatu bila kuomba ruhusa mbinguni. Huko juu kuna Jicho, setilaiti ya adui. Linapita kwa ratiba, na ratiba yake tumeibandika ukutani. Likikaribia tunaingia chini ya nyavu, tunazima jiko, tunaanua nguo, hata kuku wa mpishi anafungiwa. Likishapita tunatoka kujinyoosha. Halafu kuna vile vindege visivyo na rubani, ambavyo havina ratiba wala adabu. Na mbele yetu [mistari miwili imefutwa kwa wino mweusi].

Jua hatulioni mpaka saa tatu asubuhi. Sabuni haitoi povu hata uisugue mpaka iishe, kwa hiyo soksi zangu ni kavu lakini ni chafu. Ukiita jina la mtu linakurudia mara mbili. Kinyozi hujiita mwenyewe, kisha anajiitikia, halafu anajiuliza anataka nini.

Tunacheka, lakini nina hofu. Nakuambia wewe, usimwambie Mama. Hofu ya kupigwa nilijiandaa nayo. Hii ya kuonekana sikuijua. Mtu unaanza kutembea umeinama hata ukiwa chooni.

Ila habari njema ipo. Inasemekana nitapandishwa kutoka dereva daraja la pili hadi daraja la kwanza. Daraja la kwanza ndiye anayeongoza msafara. Niombee.

Mdogo wako,
Kimbaombao


14 Machi

Mdogo wangu,

Nimeisoma barua yako nikicheka mpaka nilipofika kwenye sabuni. Hapo nikaacha kucheka.

Sabuni isiyotoa povu maana yake maji yametoka kwenye mawe ya chokaa. Barabara ya pwani nimeikagua miaka kumi na moja, na mawe hayo yako sehemu tatu tu. Jua linalochelewa mpaka saa tatu maana yake mlima uko mashariki yenu, tena karibu. Zikabaki sehemu mbili. Mwangwi unaorudi mara mbili unataka kuta mbili za mawe zinazotazamana. Hayo ni machimbo ya zamani ya kokoto. Nilikunjua ramani ya ofisi saa saba mchana, na saa nane haijafika nilikuwa nimekuwekea kidole. Sikuwa nakutafuta, Kimbaombao. Kidole kilikwenda chenyewe.

Nchi yetu ndivyo ilivyoumbwa. Pwani nyembamba, mlima nyuma, kisiwa cha watu wengine mbele na mnara wao wenye kamera, barabara moja katikati. Lori la tani arobaini halipiti shambani wala mchangani. Hata kombora liwe na nguvu gani, gari lake litasimama pale pale ambapo mtu mwenye ramani angelisimamisha. Na kama mimi, fundi wa madaraja mwenye njaa, nimekupata kabla chakula changu hakijapoa, hao wenye Jicho wamekupata zamani.

Tafadhali waambie wakubwa zako. Waambie wahame. Na wewe usiandike tena habari za sabuni, wala za jua, wala za mwangwi. Niandikie uongo. Niandikie kwamba uko jangwani.

Naogopa. Nimelifuta neno hilo mara tatu, sasa naliacha.

Mama anasema ule.

Futi


23 Machi

Dada Futi,

Barua yako imefika imevaa nguo nyeusi. Kuanzia "Nimeisoma barua yako" mpaka "Mama anasema ule", yote ni wino. Nimeiinua kwenye mwanga, nimeigeuza nyuma, nimeona "tafadhali" moja tu iliyoponyoka. Ulikuwa unaniomba nini?

Msomaji aliniita. Ni mtu mzima, mpole, miwani yake ameifunga uzi, na anaongea kama mwalimu wa hesabu. Akaniuliza, "Dada yako anafanya kazi gani?" Nikamwambia. "Na nani alimwambia mambo haya?" Nikasema mambo gani, mzee, si umeyafuta yote? Akacheka kidogo, halafu akaacha. "Kijana, safari hii nimefuta. Safari nyingine nitalazimika kupeleka juu, na huko juu hawana mzaha." Kwa hiyo chonde chonde, dada, andika habari za nyumbani. Andika goti.

Tangu siku hiyo watu wanapita na ramani, [mstari umefutwa]. Unazikumbuka safari za kwa marehemu shangazi, jinsi nilivyokuwa natapika kila kona na wewe unanishikia mfuko huku umeziba pua? Basi jiandae kunicheka. Safari hii nitatapika nikiwa nimeshika usukani mwenyewe. Kinyozi atakuwa msaidizi wangu. Anasema akiona nimebadilika rangi atanishusha aendeshe yeye, na mimi nitembee kwa miguu nyuma nikiokota heshima yangu.

Barua ya cheo bado, lakini mkuu wa kikosi amenipa mkono mbele za watu. Daraja la kwanza, dada! Sema hongera.

Kimbaombao


26 Machi

Kimbaombao,

Barua hii ni ya mambo ya nyumbani tu. Namsalimu Ndugu Msomaji.

Umenipa habari za daraja. Nimefikiri siku nzima, na nakujibu kama dada mkubwa: usilipande. Daraja hilo silo lako. Nalijua kuliko mtu yeyote nchini, maana lilipita mikononi mwangu, na zile wiki mbili nilizokaa kwa shangazi nilikuwa naliwaza mpaka alfajiri. Kwa nje linapendeza. Wanaolisifu hawajawahi kulitazama kwa chini. Mtu mwepesi atalimudu. Mtu mwenye uzito wako, na mzigo uliobeba, halitamvumilia.

Wakikuambia panda, kataa. Sema unaumwa, sema lolote. Afadhali lile la chini, hata kama kila mtu anakuona.

Najua utanikasirikia. Kasirika, lakini nisikilize. Nakuomba kwa goti la Mama, usilipande daraja hilo.

Dada yako anayekupenda,
Futi


2 Aprili

Dada,

Barua yako imefika nzima, haikufutwa hata nukta, na ningeshukuru kama ingefutwa. Msomaji alinikabidhi akitazama pembeni. Nadhani alinionea huruma.

Nilikuwa nakupa habari yangu ya kwanza njema tangu nije huku. Wewe ulipopandishwa tulifanya nini? Mama aliazima vyombo nyumba nne. Mimi nilibeba viti vya kukodi kichwani mtaa mzima, kila ninayekutana naye namwambia dada yangu ni fundi daraja la kwanza, mpaka sauti ikanikauka. Hakuna aliyekuambia silo lako. Leo ni zamu yangu, ndiyo nimekuwa mzito? Ndiyo nasifiwa na watu ambao hawajanitazama kwa chini? Unataka nibaki la chini nichekwe na kila anayeniona? Hasira imekuzidi mpaka Kiswahili kimekuponyoka, wewe uliyekuwa ukinichapa kwa rula.

Kinyozi amenishauri nisijibu nikiwa na hasira. Nimengoja siku mbili na bado ninayo. Anasema wivu wa ndugu ni homa, hupita. Mimi nasema homa hupimwa, na yako imepita kipimo.

Nilipandishwa Jumatatu. Nimepewa utepe mpya wa begani. Sasa nasubiri mvua kama mkulima, maana mawingu yakishuka Jicho nalo linapofuka, na sisi tunapata [maneno yamefutwa]. Ukisikia inanyesha ujue mdogo wako yuko kazini, juu ya daraja lake.

Msalimie Mama. Goti lipake wewe.

Dereva Daraja la Kwanza


5 Aprili

Kwa Ndugu Msomaji wa Barua,

Shikamoo. Mimi ni dada wa yule dereva mrefu, yule wa goti la mama.

Nimefika hapa getini mwenyewe asubuhi hii, na mvua hii. Mlinzi amesema raia haonani na mtu wala simu haipigwi, ila barua inapokelewa. Naandika nimesimama, karatasi nimeiegemeza kwenye ukuta wa kibanda chake. Nisamehe mwandiko.

Barua yangu ya tarehe 26 uliidhania ya wivu. Ndivyo nilivyotaka. Nilijua nikiandika daraja la mto utalifuta, kwa hiyo nikajificha nyuma ya daraja la cheo. Nilijificha vizuri mno, hata mdogo wangu hakuniona.

Sasa nasema wazi. Lori lenu lisipite daraja la juu, lile la barabara ya milimani ya kwenda kwa marehemu shangazi yetu. Najua mnalikusudia, maana mto mnapaswa kuuvuka, na daraja la chini liko mdomoni mwa mto ambapo mnara wa kisiwani unahesabu hata baiskeli. Hamna pengine pa kupita. Ramani yenu inasema tani sitini. Kibao cha pale kinasema tani sitini. Ni uongo. Nguzo ya kati imeliwa na maji kwa chini, ina ufa ambao mkono wangu uliingia mpaka kiwiko. Nililikagua miaka saba iliyopita nikaandika tani ishirini.

Utauliza sitini ilitoka wapi. Ripoti yangu ilirudishwa mezani mara mbili. Palikuwa na mtu mwenye malori ya saruji aliyetaka njia fupi, na mkuu wangu alitaka kumpendeza. Akaniambia andika upya. Nikaandika upya. Sahihi iliyo chini ya sitini ni yangu, Ndugu Msomaji. Mwezi uliofuata nikapandishwa daraja kwa sababu ya daraja. Nyumbani nilisema ni bidii, wakaalika watu. Yule mtu wa saruji alipata njia nyingine kabla ya kulitumia, na mimi nikajiambia kwamba hakuna atakayeumizwa na namba isiyotumiwa. Nakala ya ripoti ya kwanza imo ndani ya bahasha hii. Ilikuwa kwenye droo yangu, imefungwa kwa ufunguo.

Jana nilimwendea mkuu wangu. Akasema, "Unataka kufukua nini? Tena nani alikuambia jeshi linapita wapi?" Hapo nikaelewa kwamba kila mlango nitakaobisha utaniuliza swali hilo. Najua kwa karatasi hii namtia mdogo wangu hatiani kwa kutoa siri, ingawa alichotaja ni kutapika tu. Mfungeni, na mimi nifungeni. Afungwe akiwa hai.

Mvua inazidi. Tafadhali isome barua hii kabla ya nyingine zote.

Fundi mkaguzi wa madaraja


6 Aprili

Dada yetu,

Marahaba.

Barua za getini huingia kwenye kikapu, na kikapu husomwa kuanzia chini, iliyotangulia kufika ndiyo ya kwanza, ili pasiwe na upendeleo. Utaratibu huo niliuweka mimi. Yako ilikuwa juu kabisa. Niliifikia saa tisa alasiri. Msafara ulikuwa umeondoka saa sita mchana.

Nilikimbia. Nina miaka hamsini na minane na nakuambia nilikimbia mpaka chumba cha redio, miwani ikaanguka njiani sikuiokota. Redio zote za msafara zilikuwa zimezimwa kwa amri, kwa sababu kisiwani wanasikiliza. Tumejificha sana hata sisi wenyewe hatupatani. Ilikuwa jioni ndipo habari zilipotufikia, kwa mtu wa pikipiki.

Mdogo wako yu hai. Hajaumia. Zaidi ya hapo siruhusiwi kuandika.

Kuna jambo moja linanihusu mimi, hilo nitaliandika. Barua yako ya tarehe 14 niliifuta kwa sababu kila neno lilikuwa sahihi. Sikuitupa. Nilinakili hoja zako, sabuni, jua na mwangwi, nikazipeleka kwa wakubwa kama zangu ili jina lako na la mdogo wako yasionekane. Walishtuka. Ndizo zilizowafanya waamue kuhama. Nilidhani nimewaokoa wote.

Bahasha yako na kilichomo nimeviweka salama. Nitavitoa vitakapohitajika, na vitahitajika.

Msomaji


12 Aprili

Dada Futi,

Msomaji ameniletea karatasi na amesema barua hii hataifungua. Ameketi nje ya mlango anangoja. Kwa hiyo naandika yote.

Mvua ilikuwa nzuri, ile ya kutamani. Hatukuwasha taa. Sikutapika hata mara moja, Kinyozi akanisifu kila kona kama mama anayemwogesha mtoto. Tulifika mtoni saa saba na nusu. Kwenye kibao pameandikwa DARAJA, chini yake tani sitini. Nikasimama nibadilishe gia. Nikalisoma lile neno, na barua yako ikanijia yote.

Mtu hapandi daraja la kazi, dada. Hupandishwa. Wewe hukosei mambo hayo. "Usilipande." Sikuuondoa mguu kwenye breki.

Mkuu wa kikosi akaja dirishani akilowa. "Nini?" Upande wa bahari mawingu yalikuwa yameanza kuachana, tulikuwa na dakika ishirini labda. Ningeweza kusema dada yangu amelikagua daraja hili na ni bovu. Angeuliza, dada yako alijuaje kwamba tunapita hapa? Nikakuona umefungwa pingu mbele ya Mama. Nikakumbuka uliniambia niseme nini. Nikasema, "Afande, naumwa. Tumbo."

Kinyozi akacheka. "Si nilisema? Kona zimemshinda bwana mkubwa." Akanishusha taratibu, akanivika koti lake la mvua, akapanda yeye kwenye kiti changu. Nilimshika mkono mlangoni nikashindwa kuuachia. Alidhani namshukuru. Akasema, "Pumzika, kesho utanilipia kwa kuosha gari."

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Nimeihesabu tangu siku ile. Kutoka pale nilipokuwa nimesimama mpaka nguzo ya kati ni pumzi kumi na mbili, kwa mwendo aliokwenda. Pumzi zote kumi na mbili nilikuwa nafikiri labda dada amekosea, labda kweli ni wivu, na nikipiga kelele tutafungwa wawili bure.

Hapakuwa na kishindo kikubwa. Daraja liliinama tu, na lori likateleza likaingia majini likiwa na vitu vyake mgongoni, ambavyo havijawahi kuiona meli hata moja. Wengine walikuwa bado ukingoni. Saa nane mawingu yalifunguka, Jicho likapita kwa wakati wake, likatukuta sote tumejipanga kwenye matope tukitazama chini. Hakuna aliyekumbuka kujificha. Sasa wanajua tulipo na wanajua hatuna pa kwenda.

Kuna baraza la uchunguzi. Kila siku wananiuliza kwa nini nilisimama. Nasema tumbo. Daktari amesema tumbo langu ni zima. Leo asubuhi mmoja wao akasema labda kosa ni la Kinyozi, alikuwa dereva daraja la pili, hakustahili kushika usukani wa mbele. Wengine wakatikisa vichwa kukubali, mmoja akaandika. Nilikuwa nimekaa pale pale.

Sikulaumu. Hapana, nakulaumu. Najilaumu zaidi, na kuna saa namlaumu hata Kinyozi kwa kuwa mwema. Mama yake ameandikiwa kwamba alikufa akilinda bahari. Barua zake husomewa na jirani. Nimejaribu kumwandikia mara nne na kila mara naishia kwenye salamu. Andika wewe, dada. Mwambie yote, hata yangu. Kesho na mimi nitaliambia baraza kwamba sikuwa na tumbo lolote.

Kimbaombao


20 Aprili

Mama,

Shikamoo. Hunijui. Wewe jirani unayemsomea barua hii, nakuomba usiruke mstari, hata ukiona machozi, hata akikuambia uache. Pumzikeni kisha muendelee.

Mimi ni mkaguzi wa madaraja, na ni dada wa dereva aliyekuwa akifanya kazi na mwanao. Umeambiwa kwamba mwanao alikufa akilinda bahari. Bahari siku hiyo haikuwa na meli ya kupigwa. Alikufa akivuka mto, kwenye daraja lenye kibao kilichomwambia kwamba linabeba tani sitini. Halibebi. Nililipima miaka saba iliyopita nikajua halibebi, kisha nikaombwa kuandika kwamba linabeba, nikaandika na kutia sahihi. Nililipwa kwa cheo. Mwanao alikiamini kile kibao, na mtu yeyote mwenye akili angekiamini.

Kiti alichokalia kilikuwa cha mdogo wangu. Mdogo wangu alishuka kwa sababu mimi nilimwonya kwa maneno ya kificho, na nilimfundisha aseme anaumwa. Mwanao hakuonywa na mtu. Nilipokuwa nahangaika kumwokoa wangu, sikufikiri hata mara moja kwamba kiti hakibaki wazi. Hilo ndilo ninaloamka nalo. Sikuombi unisamehe. Nisingethubutu.

Mdogo wangu ameshasema yake mbele ya baraza na sasa yuko mahabusu. Mimi naitwa kesho asubuhi. Karatasi ya tani sitini ninayo, ya tani ishirini anayo Msomaji wa barua za kambini, naye amekubali kuwa shahidi. Nadhani sitarudi nyumbani kesho. Mama yangu nimeshamwambia. Tangu jana amekaa na goti lake bila dawa, na sikuthubutu kuligusa.

Lakini nimekuandikia kwa sababu nyingine. Watakuja kukuambia kwamba mwanao alikuwa dereva wa daraja la pili, kwamba hakujua kuendesha gari zito, kwamba alikwenda kasi au alikwenda pembeni. Wameshaanza kuandika hivyo. Usikubali, Mama, na usiweke dole gumba kwenye karatasi yao yoyote. Juzi nilikwenda kule mtoni. Upande alioingilia, kipande cha daraja bado kimesimama, na matope yamekauka yakiwa na alama za magurudumu yake. Nilipiga magoti nikazipima zote kwa futikamba, kushoto na kulia, kuanzia kwenye kibao mpaka palipokatika. Alikwenda polepole, katikati kabisa ya njia, hakuyumba hata inchi moja.